Springi na Kiti cha Mama Yake

Majirani zangu, na nyinyi msio majirani lakini mmekaa karibu ya kusikia, nipeni masikio. Mnanijua: natia chumvi. Miaka thelathini na moja niliendesha lifti katika jengo la ghorofa tisa, na mtu anayeshinda ndani ya sanduku, akipanda na kushuka, asipojifunza kusimulia ataishia kuongea na vitufe. Lakini hiki nitakachowasimulia leo nimekipunguza chumvi kadiri mkono ulivyokubali. Palipobaki punje mbili tatu mtapaona wenyewe.

Jumamosi moja, alasiri, kibaraza cha jirani yangu kilitulia kama chumba cha mtihani. Mama wa nyumba ile, ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu kwa sababu alitufundishia watoto wetu hesabu mpaka wakaanza kutukosoa tukirudi dukani, alikuwa amekaa akimenya machungwa. Ganda la chungwa lake lilishuka refu, moja, bila kukatika. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa anaosha brashi kwenye ndoo. Yeye ni mchora mabango. Kibao cha duka la dawa ni mkono wake, cha kinyozi ni mkono wake, na lile onyo ukutani kwa kiwanda cha matofali, USIKOJOE HAPA, ni mkono wake pia. Herufi zake ni nzuri kiasi kwamba watu husimama kuzisoma hadi wanasahau kilichowapeleka pale.

Na kwenye meza ndogo, ameinama, ndiye mwana wa Mwalimu. Ni fundi wa mizani. Kama kilo yako ya sukari ni kilo kweli, mshukuru yeye. Lakini jina la kazi hiyo hakuna anayelitumia. Tunamwita Springi.

Jina hilo lilimpata kwa sababu ya gari. Si gari la kupanda, ni gari la rimoti, la mbio za vumbi, lenye ukubwa wa paka aliyeshiba, tairi za meno, na shokapu nne zilizochomoza kama mapaja ya panzi. Kila shokapu ni kijibomba chenye mafuta ndani na springi imekizunguka nje. Ukitia mafuta mepesi mno, gari linadunda kama mpira. Ukitia mazito mno, kila kokoto linalipiga teke. Ufundi wote uko katikati, na katikati hiyo Springi alikuwa anaitafuta kama mtu aliyeangusha pete mchangani.

Alikuwa na daftari la jalada jeusi. Kila ukurasa aliugawa sehemu tatu: Njia, Badiliko, Matokeo. Na alikuwa na sheria moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha andika. "Ukibadilisha viwili kwa mpigo, Babu Lifti," aliniambia, "hutajua kipi kimekuponya na kipi kimekuponza."

Basi alasiri ile Mwalimu akasema, "Mwanangu, lile pazia la chumbani bado linaning'inia upande mmoja."

"Nakuja, Mama. Nimalize shokapu hii moja."

Gari lina shokapu nne, msomaji wangu. Ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Chungwa la mwisho likamenywa. Mwalimu akaingia ndani kimya kimya, akapanda kistuli. Sisi tuliobaki kibarazani tulisikia kishindo tu, halafu sauti ndogo, kama ya mtu aliyeshtuka akasikitika hapo hapo.

Mfupa ulivunjika juu kidogo ya goti la kulia.

Sitamsingizia Springi. Alimbeba mama yake mikononi hadi barabarani, analia waziwazi bila kujificha. Wiki zote ambazo mguu ulikuwa ndani ya plasta alimlisha, alimsomea magazeti, akashindwa makusudi kwenye karata. Lile gari alilifunika kwa taulo. Nilimwona mwenyewe akipita mbele ya taulo lile bila kulitazama, na mtu aliyemjua angeelewa hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani.

Kisha plasta ikatolewa, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza.

Nasema ugonjwa, na simaanishi goti. Goti lilikuwa limekakamaa na lilihitaji mazoezi. Zahanati haiko mbali. Ukitoka kwetu unapita duka la dawa, unavuka mtaro, unapanda kimlima cha kokoto, umefika. Huko kuna mtaalamu wa viungo, dada mmoja mwenye mikono laini na maneno makavu. Alisema hivi, mkwe akiwa hapo na Springi akiwa hapo: "Mwalimu, goti ni kama bawaba. Tukilichezesha sasa, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tano kamili, utatembea. Tukiliacha likagandamana, kiti hiki cha magurudumu ndicho miguu yako mpaka mwisho. Nina majuma manane ya kufanya kazi. Baada ya hapo sina ahadi."

"Nitamleta mwenyewe," Springi akasema.

Siku ya kwanza alimpeleka. Goti lilipokunjwa, Mwalimu alifumba macho na machozi yakamtoka pembeni, bila sauti. Springi alitoka nje akasimama ukutani. Jioni yake taulo liliondoka juu ya gari.

Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani ni hivi: gari lilikuwa linamsikiliza. Ukiongeza mafuta, linatulia. Goti la mama yake halikumsikiliza, na kila lilipouma lilimkumbusha pazia. Mtu mwenye hatia hukimbilia mahali ambapo mikono yake bado ina akili. Yeye hakuacha kumpenda mama yake, majirani. Alishindwa tu kukaa chumba kimoja na maumivu yake.

Na mimi? Mimi nilimsukuma. Lazima niseme, maana hadithi ya mafunzo inayomwacha msimulizi mtakatifu si hadithi, ni tangazo. Siku moja nimekaa kwenye kibaraza chake, nimeshiba, ulimi unawasha, nikamwambia kuna bingwa mmoja wa mbio hizi ambaye kwa siku arobaini hakusema na mtu yeyote, alisikiliza shokapu zake tu, na mwishowe gari lake liliruka kilima limebeba yai bichi na yai halikupasuka.

"Yai bichi?" Springi akauliza.

"Bichi. La siku hiyo hiyo."

Bingwa huyo hajazaliwa. Nilimtunga pale pale. Lakini Springi aliinuka, akaenda jikoni, na kuanzia siku hiyo mayai ya nyumba ile hayakuwa na usalama. Alifunga yai juu ya gari kwa utepe, analirusha kwenye kilima cha mchanga uani. Pwaa! Anaandika. Anabadilisha mafuta. Pwaa! Anaandika. Trei nzima iliisha. Siku nne mfululizo walikula ya kukaanga, yale yaliyopasukia ndani ya utepe bila kugusa mchanga, na Mwalimu akawa anasema, "Leo tunakula ushindi wako tena, mwanangu?" Anacheka. Alikuwa anacheka, jamani, hiyo ndiyo iliyotudanganya sote.

Maana wakati huo ahadi ilikuwa imeanza kuvuja. Jumanne kulikuwa na majaribio ya uwanja. Alhamisi gundi ya tairi ilikuwa haijakauka. "Mke wangu, mpeleke leo, kesho kutwa nitampeleka mimi." Mkewe akampeleka. Alirudi amechoka, akasema kiti ni kizito kusukuma kwenye kokoto. Springi akasema, "Hilo dogo." Akachukua pampu, akajaza upepo tairi zote mbili kubwa za kile kiti hadi zikawa ngumu kama jiwe. "Sasa kitateleza chenyewe," akasema, akarudi mezani kwake. Kazi ya dakika moja.

Likumbukeni hilo jambo la pampu.

Baada ya wiki moja Mwalimu akaanza kukataa kwenda. Leo kichwa, kesho jua kali, kesho kutwa "nyinyi nendeni na shughuli zenu." Mkwe akamwambia mumewe mbele yangu, mikono yake ina rangi ya bluu hadi kwenye viwiko:

"Mama hajaenda mara tatu."

"Atakwenda Jumamosi. Nitampeleka mimi."

"Jumamosi una fainali."

"Fainali ni saa tatu na nusu. Saa nne na nusu niko nyumbani."

"Springi."

"Naam."

"Mimi mgongo wangu hauwezi tena kile kiti. Na yule dada wa zahanati amesema Mama akikosa Jumamosi hii, wiki ijayo asije kumwuliza kuhusu kutembea. Umesikia?"

"Nimesikia, mke wangu."

Alikuwa amesikia. Lakini kidole chake kilikuwa kinabonyeza gari mgongoni, linashuka, linapanda taratibu, linashuka, linapanda taratibu.

Mkewe alimtazama kwa muda. Kisha alitazama lile daftari jeusi juu ya meza.

Fainali ilikuwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kile kiwanda cha matofali kilichofungwa. Kazi yangu pale ni mwinuaji. Nasimama kona ya tatu, gari likipinduka naliinua, naliweka kwa magurudumu, linaendelea. Ni kazi inayomfaa mtu aliyezoea kupandisha watu. Siku hiyo gari la Springi lilikuwa linapaa. Katika majaribio liliruka kilima cha mwisho juu sana, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa, ndipo likatua. Na lilitua kama mtu anayekaa kwenye kochi.

Saa tatu na nusu ikapita. Mashindano hayajawahi kuanza kwa wakati tangu magurudumu yabuniwe. Saa nne ikapita. Vumbi lilizidi, wakaleta maji, wakamwagia uwanja, ikabidi kusubiri tena. Ilipofika saa nne na nusu nilimwangalia Springi pale kwenye jukwaa la madereva. Alitazama saa, akatazama uwanja, akatazama saa. Nikatembea hadi pale.

"Mwalimu je?" nikauliza.

"Dakika tano tu zimebaki, Babu. Mbio zenyewe ni dakika nane. Nitakimbia."

"Utakimbia na nani? Kiti kina magurudumu, hakina mabawa."

"Babu, ngoja. Uwanja umelowa. Mwezi uliopita mvua iliponyesha nilitumia mafuta gani ya mbele?" Akafungua daftari.

Alipekua. Ghafla mkono wake ukatulia.

Zilikuwa kurasa mbili zilizoandikwa kwa herufi nzuri, zile mnazozijua kwenye kibao cha duka la dawa. Sehemu tatu, zimepigwa mistari kwa rula. Aliniachia nisome naye, au labda alisahau kwamba nipo. Nimezishika kichwani, nawapa kama zilivyokuwa.

*Njia: kavu. Badiliko: hakuna. Matokeo: Mama amevumilia hadi zahanati.*

*Njia: kavu. Badiliko: mume wangu amejaza upepo tairi hadi mwisho. Matokeo: kila kokoto linafika gotini. Mama amelia kwenye mtaro. Amesema ni vumbi.*

*Njia: kavu. Badiliko: nimemkalisha juu ya mto. Matokeo: ameteleza mbele. Tumerudia njiani.*

*Njia: tope kidogo. Badiliko: nimeinua magurudumu ya mbele, nimesukuma kwa ya nyuma. Matokeo: mgongo wangu.*

*Njia: hatukutoka. Badiliko: Mama ameacha kuomba. Matokeo: goti halifiki tena pale lilipofika wiki mbili zilizopita.*

Mstari wa mwisho, Njia ilikuwa imeandikwa *Jumamosi, saa tano*. Sehemu mbili zilizobaki ziliachwa wazi.

Nilimwona akisoma mara ya pili. Kisha akafanya kitu kidogo ambacho sitakisahau. Alibonyeza tairi la gari lake kwa kidole gumba. Likabonyea, laini, kama shavu. Maana dereva yeyote wa mbio za vumbi anajua: tairi gumu kwenye njia mbovu ni adhabu. Springi mwenyewe angekuona umeweka tairi gumu kwenye gari la rimoti angekucheka hadharani. Akabaki ameshika tairi lile, mdomo wazi.

Mtangazaji akaita, "Madereva! Dakika mbili!"

"Babu, shika."

"Nishike nini?"

"Rimoti."

"Mimi? Nimeendesha lifti! Najua kupanda na kushuka, kona sizijui!"

"Mimi nimepinduka, Babu," akasema, na alikuwa amesharuka jukwaa.

Mnataka kujua fainali iliendaje? Nitaieleza kwa ufupi kwa heshima ya gari. Liliondoka vizuri. Kwenye kona ya kwanza nilibonyeza nikitegemea mlango ufunguke. Kona ya pili wenzangu walinipa nafasi kwa hofu. Kona ya tatu likapinduka, na kona ya tatu mwinuaji ni mimi, na mimi nilikuwa jukwaani. Likalala chali, magurudumu yanazunguka hewani, hadi fainali ikaisha.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia Mwalimu mwenyewe, na yeye hatii chumvi hata kwenye chakula.

Springi alifika anahema. Mama yake alikuwa dirishani kwenye kile kiti. Alikuwa amesema tangu juzi kwamba haendi popote. Lakini alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, kitambaa kimefungwa vizuri, mkoba uko mapajani. Amekaa hivyo tangu saa mbili asubuhi.

Springi alipiga magoti, akabonyeza tairi la kiti. Kidole kikagonga kama ukutani. Akafungua valvu. Fsss.

"Unatoa upepo?" mama yake akauliza.

"Natoa niliouweka mimi."

"Nilidhani ulikuwa unanisaidia."

"Hata mimi nilidhani, Mama." Akahamia tairi la pili. Fsss. "Kwa nini hukuniambia linauma?"

Mwalimu alifungua mkoba, akaufunga. "Ulikuwa unashinda," akasema. "Nilizaa mtoto mmoja. Nilitaka nimwone akishinda."

Mkwe alikuwa mlangoni, amefungia kanga kiunoni kwa ajili ya ule mgongo. Springi akamgeukia. "Uliandika kwenye daftari langu."

"Nilijua huko ndiko unakosoma."

Saa tano ilikuwa imeshagonga.

Nje, Springi akageuza kiti nyuma mbele. "Tunakwenda kinyumenyume, Mama. Gurudumu kubwa litangulie, dogo lifuate. Dogo ndilo linalokupiga."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Mwalimu anarudi shule."

"Basi vizuri. Atakayenicheka nitamwona usoni."

Wakaenda. Yeye anavuta, mama anatazama walikotoka, mkwe pembeni ameshika mkoba. Mtaa ulisimama. Kinyozi alitoka na wembe mkononi na mteja nyuma yake ana ndevu nusu. Walipofika mtaroni Springi akasimama.

"Tayari?"

"Subiri." Mwalimu akashika mikono ya kiti. Akavuta pumzi. "Haya."

Gurudumu kubwa likashuka, likapanda, pole pole kama mtu anayeingia maji baridi.

"Imeuma?"

"Nne juu ya kumi."

"Kuuma au kufaulu?"

"Kufaulu. Usisimame, tumechelewa."

Walifika saa tano na dakika thelathini na tano. Mtaalamu wa viungo alikuwa anafunga mlango. "Mwalimu, muda wako umepita. Nimekusubiri, nimekusubiri tena."

"Ni kweli," Mwalimu akasema. "Kulikuwa na msichana mmoja darasani kwangu, kila siku anachelewa dakika thelathini na tano. Nilikuwa nafungua mlango."

Yule dada alitazama chini. Akacheka kwa pua. Akafungua.

Alipima goti kwa kile kipimo chake cha pembe. "Digrii hamsini na nane," akasema. "Wiki mbili zilizopita tulikuwa sabini. Siwadanganyi, zote hazitarudi. Lakini si bure. Tuanze."

Safari hii Springi hakutoka nje. Mama yake alimshika mkono, na kila goti lilipokunjwa aliuminya, na yeye alikaa pale pale, anaminywa.

Kazi ya kiti ilianza Jumapili. Sheria ni ile ile, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza upepo wa tairi: kupunguza kidogo, kwenda mtaroni, kurudi, kuandika. Kisha magurudumu madogo ya mbele akayatoa, akaweka mapana zaidi, ya kigari cha mtoto kilichotupwa. Kisha chini ya ubao wa kukalia akafunga springi nne za tandiko la baiskeli. Kiti kikawa laini, lakini kikawa kinadunda. Mwalimu alivuka mtaro, na hatua kumi baadaye bado anapanda na kushuka.

"Najisikia niko kwenye lifti ya mtu fulani," akasema, ananitazama.

"Springi peke yake hazitoshi," mwanawe akasema. "Kinahitaji kitu cha kuzituliza."

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na lile gari la mbio na bisibisi. Akafungua shokapu zote nne, akavua springi zake ndogo, akavijaza vile vijibomba mafuta mazito kuliko yote aliyokuwa nayo, akavifunga chini ya ubao wa mama yake. Gari likabaki mezani limelala tumbo, kama kuku anayeatamia.

Siku ya jaribio Mwalimu alidai kipimo. "Kama bingwa wa Babu Lifti," akasema. "Leteni yai."

Nilitamani ardhi inimeze. "Mwalimu, yule bingwa..."

"Najua hayupo. Nimesahihisha uongo wa watoto miaka mingi, wako nisiujue? Leteni yai."

Akaliweka mapajani, kwenye kijishimo cha gauni, akainua mikono juu ili tuone hashiki. Mwanawe akasukuma, safari hii mbele mbele. Duka la dawa. Kokoto. Mtaro. Kiti kilizama, kikainuka taratibu, kikatulia. Yai lilisogea kidogo kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Imeuma?"

"Tisa juu ya kumi," Mwalimu akasema.

"Moja limekwenda wapi, Mama?"

"Moja ni la mayai uliyonilisha."

Majuma yakapita, hawakukosa hata siku moja. Goti lilifika themanini, likafika tisini na tano. Siku moja Mwalimu aliinuka kwenye kile kiti mbele ya zahanati, akapiga hatua tatu na fimbo, akakaa. Wiki iliyofuata saba. Leo hii anatembea. Lakini mguu haunyooki wote. Umebakiza digrii kumi, na kwa hiyo anachechemea kidogo. Ukimsifia Springi kwa kile kiti, atakuambia, "Zile digrii kumi ni za kwangu," na hataki utani katika hilo.

Mbio hakuacha. Mama yake ndiye aliyekataa aache. Sasa gari lake lina shokapu za mtumba na humaliza nafasi ya sita, ya saba, anaondoka saa nne kamili hata kama hajaitwa bado. Mwezi uliopita lilipinduka kona ya tatu. Nilikuwa nimeinama kuliinua nikasikia, "Acha, Babu." Mwalimu alikuwa nyuma yangu, amekuja kwa miguu yake kutoka getini. Akapitisha ncha ya fimbo chini ya gari, akaligeuza.

"Haya," akaliambia. "Endelea."

FUNZO

Nimeombwa niseme funzo, nami nalisema kwa mdomo wangu huu uliosababisha hasara ya trei moja ya mayai.

Kupenda kitu si kosa. Springi hakuwa mlevi wala mkatili. Kosa lake lilikuwa kupeleka uangalifu wake wote mahali ambapo hakuna anayeumia. Alilitengea gari sikio, mkono na daftari, akampa mama yake dakika moja ya pampu, na hata dakika hiyo hakubaki kuona matokeo yake. Msaada usiourudia kuuangalia unaweza kuwa ndio unaouma.

Wazee, na sisi tuna letu. Tusiseme ni vumbi. Tuseme inauma.

Na wewe jirani uliyekaa kwenye kibaraza cha mtu unamchochea kwa hadithi tamu, mwulize kwanza ndani kuna nani.

Ufundi unaoujua, uanzie nyumbani kwako. Kama unapima, pima pale. Kama unachora, chora pale. Kama unasikiliza, kaa usikilize pale hata kama mkono unaumia. Sasa iweke chini karatasi hii. Yupo mtu katika nyumba yako amekaa dirishani tangu saa mbili na mkoba mapajani. Nenda ukabonyeze tairi.